Nguzo za Giza la Mwezi

Mimi ni mtu wa soko. Nauza mapazia na mablanketi ya mitumba pale Daraja Mbili, na kazi hiyo imenizoesha haraka: mteja akisitasita kidogo tu, ameshaenda kwa jirani. Mwezi wa angani sikuwa na shughuli nao. Jioni taa za Kisii huwaka, tunafunga marobota, tunarudi makwetu huku macho yakiwa kwenye matope yaliyo mbele ya miguu. Ungeniuliza kama mwezi ni mchanga au umejaa, ningekutazama nikajiuliza kama huna kazi ya kufanya. Nilianza kuutazama mwaka juzi, tulipomrudisha kaka yangu nyumbani Nyamira.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Nakuru. Alikaa huko miaka mingi, akija Desemba na mikate mikubwa na maneno mengi. Kisha koo lake likaanza kukataa chakula. Ugali ndio uliotangulia, ukafuata wali, mwishowe hata viazi vilivyopondwa havikupita. Hospitalini walimtibu walivyoweza, halafu daktari akaniita kando akaniambia nimpeleke nyumbani. Nilimuuliza kama kuna dawa ya maumivu, akaniandikia, nikamshukuru. Hadi leo nashangaa kwamba nilimshukuru.

Tulifika jua likizama. Gari tulilokodi lilishindwa na utelezi wa kilima cha mwisho, tukashuka kule chini kwenye kijito na kumpandisha kwa miguu, polepole. Baba alimshika upande mmoja, baba mdogo akamshika upande wa pili. Mwezi ulikuwa ukichomoza upande wa Sotik, juu ya mashamba ya chai, mwekundu kidogo, umekaribia kujaa. Kaka akasimama kuvuta pumzi.

"Angalieni," akasema, "nimewashiwa taa."

Baba hakucheka. Aliutazama ule mwezi kwa uso ambao humwonyesha mgeni aliyekuja siku mbaya.

Tatizo lilikuwa mahali pa kulala. Kwetu, mwanamume akishatahiriwa halali tena chini ya paa la wazazi wake. Hujijengea kibanda cha ujana, tunakiita esaiga, na baadaye nyumba yake mwenyewe. Kaka hakuwahi kuoa. Esaiga yake ilianguka zamani, na ilianguka kwa ukaidi wake. Alikata miti ya kujengea mwezi ukiwa umejaa, baba akimwambia angoje, naye akamcheka. Wazee wetu wanashikilia kwamba mti uliokatwa wakati wa mbalamwezi una utamu ndani yake na wadudu hawauachi. Mti wa nguzo hukatwa mwezi ukifa, yaani katika zile siku chache ambazo hauonekani asubuhi wala jioni. Esaiga ya kaka ilitafunwa hadi ukilala humo unga wa mbao unakudondokea usoni. Yeye mwenyewe alikuwa akiisimulia hadithi hiyo akicheka. Nyumba ya mawe aliyosema angejenga ilibaki msingi tu, umeota magugu, kuku wetu wakienda kutagia humo.

Basi tulimlaza katika jiko la marehemu mama, ambalo limesimama peke yake uani. Nilitandika godoro, nikatundika pazia zito mlangoni kuzuia baridi. Akalala chali akitazama masizi ya paani.

"Mtoto wa kwanza wa mzee," akasema, "nimerudi kulala na masufuria."

Nilimwambia masufuria hayakoromi kama yeye. Akatabasamu, lakini niliona aibu ilivyomkaa. Mtu mzima wa umri wake, na kila aliyekuja kumjulia hali ilibidi ainame chini ya pazia langu na kuketi kando ya jiko la kuni. Hakuwa na mlango wa kumkaribishia mtu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja mbele yake. Mwanamume wa kwetu hazikwi hivi hivi akiwa hana nyumba bomani. Akifa bila nyumba, watu humsimamishia kibanda kwa siku moja, miti yoyote, mabati ya kuazima, ili jeneza lipate mlango wa kuingilia na kutokea. Mazishi yakiisha kibanda kinaachwa kioze. Nimeviona vibanda hivyo njiani, na kwangu mimi vinasikitisha kuliko makaburi yenyewe.

Kesho yake baba mdogo alisema lile ambalo sote tulikuwa tukiliwaza. "Miti ipo. Tukate sasa, tujenge, tusije tukaaibika."

"Mwezi umejaa," baba akajibu.

Nilikuwa nikiosha vikombe nikaviacha. "Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba, "huyu mtu hawezi kungoja mwezi."

Baba huniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Hunijibu kwa adabu hata nikimkosea. "Mama, mimi nikimjengea mtoto wangu nyumba, najenga ya kukaa."

"Wewe ni mzee wa kanisa la Sabato. Kanisa linasema nini juu ya mambo haya ya mwezi?"

"Mungu hakuutundika pale uwe pambo," akasema, akachukua kikapu chake cha chai akaenda zake.

Nilikasirika. Giza la mwezi lilikuwa mbali, na daktari hakunipa matumaini ya mbali. Nilijiambia kwamba mzee anacheza na aibu ya mwanawe kwa sababu ya imani za porini. Nikavipangusa vile vikombe kwa nguvu hadi kimoja kikavunjika kishikio.

Baada ya hapo, asubuhi moja baba akiwa amepeleka chai kwenye kituo cha kununulia, baba mdogo akaja na vibarua na msumeno wa injini. "Leo atanikasirikia," akaniambia kwa sauti ya chini langoni. "Baadaye atanishukuru." Nilimpisha. Nilikuwa upande wake kabisa.

Nilikuwa nikimnywesha kaka uji kwa kijiko wakati injini iliponguruma nyuma ya migomba, kwenye mikaratusi. Tulisikia mti wa kwanza ukilia, ukapasuka, ukaanguka. Kaka akakisukuma kijiko.

"Mwezi ukoje?" akaniuliza.

"Nitajuaje? Mimi ni mtu wa mitumba."

"Unajua. Jana mwanga wake uliingia hapa mlangoni."

Sikuwa na pa kukimbilia. "Umejaa," nikasema. "Labda umepungua kidogo."

Mti wa pili ukaanguka. Alisikiliza hadi matawi yakatulia.

"Hiyo si miti ya nyumba," akasema. "Mtu wa kukaa kwenye nyumba hakatiwi miti leo. Hiyo ni ya kibanda."

"Baba mdogo ana haraka tu."

"Haraka ya nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia maneno ya daktari. Mimi sikuweza, na baba hakutaka. Mgeni angeusikia msumeno ule na kufurahi kwamba mgonjwa anajengewa. Lakini kaka alizaliwa hapa, na esaiga yake ilikuwa imemwangukia kwa kosa hilo hilo, kwa hiyo alielewa yote bila kuambiwa. Aligeukia ukutani. Nilibaki na bakuli la uji mkononi, nikitamani kwenda kuutupa ule msumeno kijitoni pamoja na waliokuja nao.

Baba aliusikia tangu barabarani. Nilimwona kupitia kwenye pazia akiingia migombani, nikangoja kelele. Hazikuja. Injini ilizimwa, kisha akatokea jikoni kapu la chai likiwa bado mgongoni. Akaketi kwenye kigoda cha mama.

"Umesikia msumeno," akamwambia kaka.

"Nimeusikia."

"Ni kuni. Nilimwomba baba yako mdogo anikatie kuni."

Kaka aligeuka akamtazama. "Kuni, tata? Mikaratusi mizima?"

"Mvua inakuja."

Katika maisha yangu sikuwa nimemsikia baba akisema uongo. Alisema ule akiwa amekaza macho kwa mwanawe, mikono juu ya magoti.

"Na nyumba?" kaka akauliza.

"Nyumba yako tutaikatia miti mwezi ukifa. Ni nyumba ya kukaa. Utangoja."

"Nikishindwa?"

"Utangoja," baba akarudia, kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia tumalize chakula tulipokuwa wadogo.

Kuanzia hapo nilihama upande. Sasa sikutaka mtu yeyote aguse mti kabla ya giza la mwezi, maana shoka moja tu lingemwambia kaka kwamba tumemzika tayari. Na sikujua kama atafika. Ikawa ndiyo hofu yangu ya kuamkia na kulalia: afike giza la mwezi, aingie nyumbani kwake kwa miguu yake, siyo kwa mabega ya watu.

Basi mimi niliyekuwa sitazami juu, nikawa mtu wa mwezi. Mwanzoni ulichomoza kiza kikiingia tu, tukiwa bado tumeketi mlangoni, na kaka aliusubiri akiwa amejifunika blanketi langu la kuuza. Kisha ukaanza kuchelewa. Kila jioni ulikawia zaidi, hadi akawa anapitiwa na usingizi kabla haujaja. Nilikuja kujua kwamba haupotei, unahamia asubuhi tu. Nikiwa kwenye chai na baba, umande ukitulowesha hadi kiunoni, niliuona juu yetu ukiwa mweupe, umemegwa upande, ukishuka taratibu kuelekea ukingo wa Manga jua likiwa limeshawaka. Miaka yote niliyochuma chai nikiwa msichana haukuwa umenipita? Ulinipita, na sikuuona.

Nikirudi na kikapu, kaka alikuwa na swali moja. "Umebaki kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu ya haki, au nusu ya Daraja Mbili?"

"Ya Daraja Mbili. Nimepunja kidogo."

Alicheka hadi akakohoa, nikamshika mgongo, nikauhisi uti wake chini ya kiganja. Alikuwa akipungua pamoja na mwezi. Nilijikuta nikimwomba mmoja aharakishe na mwingine asiharakishe, na sikujua ni nani anayenisikia.

Bakuli la uji likawa nusu bakuli, baadaye likawa vijiko tu. Jumatano moja nilitoa simu nikamwonyesha baba. "Inasema keshokutwa, Ijumaa, mwezi hautakuwepo."

"Simu imeuona?"

"Imepiga hesabu, tata."

"Mimi nitauangalia."

Alhamisi alfajiri tuliuona wote wawili, uzi mwembamba juu ya Sotik, jua likija nyuma yake. Ijumaa tuliamka mapema zaidi, na ukungu ulikuwa umefunika vilima vyote. Hata migomba ya uani haikuonekana. Baba alisimama pale muda mrefu. Hakujua kama mwezi umekufa au umejificha nyuma ya ukungu. Nikamwambia simu inajua. Akasema simu haitaishi katika nyumba ile. Mchana mvua ikanyesha ya kung'oa mimea, jioni jua likazama, na Sabato ikaingia.

Jumamosi kulipambazuka kweupe kabisa. Hakukuwa na mwezi mahali popote. Na siku hiyo kaka hakuweza kumeza hata maji.

Nilimngoja baba nje ya jiko. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. "Tata, mwezi umekufa, umeona mwenyewe. Kata leo. Mungu ataelewa."

"Najua ataelewa."

"Basi?"

"Yule aliye ndani ndiye nimsemaye." Alishusha sauti. "Amenijua tangu azaliwe. Hajawahi kuniona nimeshika hata jembe siku ya Sabato. Akisikia nimekata mti leo, atajua nimemkatia tamaa."

 Alienda kanisani kwa mguu, nami nikaketi na kaka nikimlowesha midomo kwa kitambaa. Alikuwa ameyafumba macho. Mara nilipodhani hapumui niliweka mkono mbele ya pua yake. Jioni hiyo nilitoka kutazama magharibi, nikiogopa mwezi mchanga usije ukatokea mapema na kutufungia njia. Manga ilikuwa nyeusi na anga tupu juu yake. Nilisema asante kwa sauti, nikiwa peke yangu uani.

Jumapili kulipopambazuka baba mdogo alikuja na shoka, akiwa mnyonge kama mtoto aliyechapwa. Baba akamwambia arudi akalete ule msumeno wa injini.

"Nilidhani unataka shoka."

"Lete mashine. Nataka asikie."

Nilikuwa nimemwinua kaka kwa mito miwili injini iliponguruma. Akafumbua macho.

"Mwezi?"

"Haupo," nikamwambia. "Jana asubuhi haukuwepo, jioni haukuwepo, leo asubuhi haupo. Nimeangalia mwenyewe kwa macho haya."

Alisikiliza. Mti ukalia, ukapasuka, ukaanguka kwa uzito.

"Mrefu huo," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Huo ni wa kona." Ukaanguka mwingine. "Na huo wa mlango." Kisha akaomba uji. Alikunywa vijiko vichache, vikapita, na nikageuka upande ili asinione uso.

Jioni hiyo hiyo mwezi mchanga ulionekana juu ya Manga, umelala chali, mwembamba kuliko kucha. Baba alivua kofia. 

Nyumba ilijengwa na watu wengi. Wanaume walichimbia nguzo na kupigilia fito, wanawake wa kanisani wakaleta maji kutoka kijitoni, tukakanyaga udongo kwa miguu na kukandika. Kila jioni mwezi ulikuwa juu zaidi na mnene zaidi, ukitumulikia tukinawa matope. Kaka tulimtoa nje, akakaa kitini chini ya mwavuli na kututolea makosa. Alipoulizia mlango, baba akatoa kwenye stoo kitu kilichofungwa magunia. Ulikuwa mlango wa chuma ambao kaka aliuchomelea mwenyewe kwa ajili ya ile nyumba ya mawe, na maua ya nondo juu yake. Baba mdogo akasema mlango wa chuma kwenye nyumba ya udongo ni kumvalisha kuku kofia. Kaka akasema kuku huyu ni wake, na kofia ni yake. Ukafungwa.

Udongo ulikuwa haujakauka vizuri, kwa hiyo baba aliwasha moto ndani mchana kutwa, kwa kaa la moto alilolitoa katika jiko la mama. Jua liliposhuka, nusu ya mwezi ikiwa juu ya vichwa vyetu, kaka alisema yuko tayari. Alitembea kutoka jikoni hadi mlangoni kwake bila kushikwa. Baba na baba mdogo walimfuata wakiwa wametanua mikono bila kumgusa. Niliona alivyosimama katikati ya uwanja akiyumba, nikaziba mdomo. Akaendelea. Akaingia, akajishika kwenye nguzo ya ndani, akageuka kututazama sisi tuliobaki nje.

"Karibuni kwangu," akasema.

Hakuna aliyejongea. Kisha baba akavua kofia, akasogea hadi kizingitini na kupiga hodi kama mgeni.

Nilitundika mapazia niliyoyateua kwenye robota langu bora, ya maua ya samawati. Kaka akasema yanafaa nyumba ya mwalimu mkuu. Siku zilizofuata alipokea watu. Hakuwa na nguvu za kuzungumza sana, lakini mtu akipiga hodi alijitahidi kujibu mwenyewe, na mimi nilikatazwa kumjibia. Jioni tuliuacha wazi mlango wa chuma ili autazame mwezi ukinenepa. Alisema nguzo zinanukia vizuri. Sijui kama alijua kwamba baba alikuwa akikaa nje, nyuma ya ukuta, akimsikiliza akikaribisha watu. Nafikiri alijua.

Alikufa mwezi ulipojaa, asubuhi. Nilikuwa nimefungua mlango kuingiza hewa. Jua lilikuwa likichomoza juu ya chai, na upande wa pili mwezi mzima ulikuwa ukizama nyuma ya Manga, wenye rangi ya maziwa yaliyochemshwa. Nilimwambia, "Njoo uone, viko vyote viwili." Hakujibu. Nilirudi kitandani nikaketi karibu naye hadi baba alipokuja na kupiga hodi, na safari ile mimi ndiye niliyemkaribisha.

Katika siku za msiba watu walijaa boma, na wanawake waliokuwa wakipika wakauliza kuni ziko wapi. Baba alionyesha kwa kidevu nyuma ya migomba. Ile mikaratusi iliyokatwa wakati wa mbalamwezi ilikuwa pale, imepasuliwa na kupangwa vizuri. Baba mdogo aliifanya kazi hiyo peke yake, jioni kwa jioni, bila kuombwa. Waliibeba yote. Ilitoa moshi mwingi, lakini iliwaka, na uji na ugali na maharagwe ya watu wote wale vikapikwa kwayo. Nilisimama nikitazama moto. Baba akaja akasimama kando yangu.

"Nilimwambia ni kuni," akasema.

Tangu hospitalini sikuwa nimelia. Nililia pale, mbele ya masufuria, nikiwa nimemshika baba mkono.

Jeneza liliingia na kutoka kwa mlango wa chuma. Halikugusa fremu, kaka alikuwa ameupima vizuri.

Sasa nikirudi kutoka Kisii, naujua mwezi ulivyo kabla sijashuka garini. Nyumba haina mtu. Baba anaifagia, na kila mwezi ukifa anaifungua kufuli na kuingia ndani kuzikagua nguzo. Masikio yake yamepungua nguvu, kwa hiyo nikiwepo huniita. Mara ya mwisho nililaza sikio kwenye nguzo ya kona, ile ndefu, nisikilize kama kuna wadudu wanaotafuna. Nikapitisha kiganja sakafuni chini yake kutafuta unga.

"Kuna kitu?" akauliza.

"Hakuna, tata. Ni nzima kabisa."

Aliipapasa kutoka juu hadi chini. "Nilijua," akasema. "Ingemfikisha uzeeni."

Kisha akatangulia kutoka, akaningoja nitoke, akafunga mlango wa kaka kwa kufuli.